Jinsi ya kuchambua "kila mtu anajua" ukiwa barazani Tanga

Miaka kadhaa nyuma nilipata kibarua cha kuuliza dodoso, mradi mmoja wa mambo ya bahari siutaji jina, tukapangiwa vijiji vya kusini mwa mji upande wa Tongoni na Kigombe. Swali la kwanza kwenye karatasi lilikuwa "Je, katika kaya hii kuna mvuvi?" Nikafika kwa mama mmoja, shikamoo, marahaba mwanangu karibu, nikakaa mkekani nikamuuliza. Akasema hakuna, mume wangu fundi baiskeli. Nikatia tiki kwenye HAPANA nikaruka maswali kama ishirini hivi na roho nyeupe kabisa, maana tulikuwa tunalipwa kwa idadi ya karatasi. Sa wakati naaga nanyanyua kichwa naona pweza watatu wametundikwa kwenye kamba ya nguo wanakauka. Mama, hawa wa nani? Wangu, nimewachokoa jana mwambani. Si umesema hamna mvuvi? Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Mwanangu, mi nachokoa pweza. Mvuvi ana chombo."

Karatasi ile nilishaifunga, na uvivu ukanizuia kuifungua (ndio, nakiri). Kwaio kuna ripoti mahali fulani inasema nyumba ile haina mtu anayeijua bahari.

Tangu siku ile nimekuwa na mchezo wangu, na ndo nataka nikupe hapa, uwe mwanafunzi unaenda fildi, bwana shamba, mwandishi wa habari au umerudi tu nyumbani likizo na umechoka kukaa barazani unaitikia kila kitu. Mchezo wenyewe ni kuchukua ile kauli ambayo "kila mtu anajua" na kumtafuta mwenyewe. Kila kauli ina mwenyewe, hata ikijifanya imeota kama nyasi. Ilitoka kwa mtu fulani aliyekuwa kwenye kazi fulani mahali fulani. Ukimpata huyo ndo utajua mkononi umeshika elimu, mazoea, au fitina ya mtu aliyekufa zamani.

Anza kwa kuokota, usibishe. Nenda kwenye kahawa Ngamiani baada ya magharibi, nenda Deep Sea asubuhi samaki wanaposhushwa, kaa kijiwe cha bodaboda, kaa na akina mama kwenye foleni ya maji. Nunua kashata, sikiliza. Kila ukisikia "inajulikana", "toka enzi na enzi", "hiyo akili ya kawaida tu", andika, na uandike kwa maneno yake mwenyewe hivo hivo. Mzee akisema mwamba umechoka usije ukaandika "mazingira ya bahari yameharibika", hayo maneno yako wewe na semina zako. Mwamba uliochoka ni mwamba unaoweza kupumzishwa, umeona? Ndani ya lile neno kuna dawa tayari, ukilitafsiri umeitupa. Ukitaka kurekodi na simu omba kwanza, na akikataa basi umekataliwa.

Baada ya hapo jizoeze kuona kitu usichokiona. Huko Marekani kulikuwa na profesa anaitwa Harold Garfinkel, miaka ya 1960 alikuwa anawatuma wanafunzi wake waende kwao wakajifanye wapangaji, yaani kijana anamuomba mama yake ruhusa ya kufungua friji kwa adabu kama mgeni. Familia zilipagawa, wengine wakadhani mtoto anaumwa. Zoezi lake lingine ni kumuuliza mtu maana ya kila anachosema. Mi nilijaribu kwa dada yangu. Akaniambia habari za asubuhi, nikamwambia habari zipi hasa? Akasema za kuamka. Nikamuuliza unamaanisha kuamka saa ngapi, leo au kwa ujumla? Ikapita kama dakika moja akaniuliza nimevuta nini. Lakini nilipata nilichotaka: salamu ya Tanga haikuulizi kitu, inakutambua tu kuwa upo na una watu, ndo maana ukiiruka hata ukija na shida ya maana hupewi jibu la maana. Hakuna aliyenifundisha hivo kwa maneno na kila mtu anajua. TAHADHARI: fanya hili kwa ndugu yako wa rika lako. Usimfanyie mzee, usimfanyie mama mkwe, na usiende kumwacha mtu bila shikamoo ati unafanya utafiti, utaitwa mtovu wa adabu na watakuwa hawajakosea.

Sa tuje kwenye kuchambua kwenyewe.

Ukishapata kauli, itafutie ndugu yake anayeipinga. Methali ndo rahisi kuanza nazo. Haraka haraka haina baraka, haya, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako, je? Zote mbili ni hekima za wazee na zote mbili zitatoka kinywa cha mtu huyo huyo wiki hiyo hiyo. Watu wengi wakiona hivo wanasema aah basi methali hazina maana. Hapana, usiishie hapo, andika nani aliitoa, kwa nani, wakati gani. Utaona haraka haraka anaitoa mwenye mali kumwambia anayedai, na chelewa chelewa inatoka siku anayedai kapata mtu wa kumuunga mkono. Kuna Muitaliano mmoja, Antonio Gramsci, serikali ya Mussolini ilimfunga mwaka 1926 na humo jela akajaza madaftari, moja ya alichoandika ni kwamba akili ya kawaida ya watu ni kama kapu lenye vitu vya zama zote vimechanganyikana, vipande vya dini, vya sayansi ya juzi, vya ushirikina wa kale, havikupangwa na vinagombana, lakini chini ya kapu kuna punje ya busara ya kweli na kazi ni kuitafuta. Mi napenda sana hilo kapu maana halikuambii umwage vyote wala halikuambii ule vyote.

Kauli ya kuanza nayo, kama wewe mtu wa huku, ni hii: watu wa pwani wavivu. Umeisikia tangu shule, umeambiwa na mwalimu, umeambiwa na shemeji yako wa bara, na kibaya zaidi umeisema mwenyewe. Tafuta mwenyewe sasa. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutoka hapo yakaota mashamba Pangani, Muheza, Korogwe, kote. Mashamba yanataka wakataji. Mtu wa pwani wakati ule ana minazi yake, ana muhogo, ana bahari mlangoni, unamwambia aje akate majani ya miba jua kali mpaka kipande chake (kadi ya kuhesabia siku za kazi) kijae siku thelathini ndo apewe vishilingi, anakuangalia tu. Kodi iliwasukuma baadhi, haikutosha. Ikabidi watu wasombwe kutoka mbali, Kigoma, Songea, mpaka Burundi na Msumbiji, mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda kabisa ofisi ya kuajiri iliyoitwa SILABU (Sisal Labour Bureau), na wale waliokuja ndo manamba, wajukuu zao tunao mtaani wanaongea Kitanga kuliko mimi.

Haya niambie, tajiri wa mkonge akimkosa mtu wa kumkatia kwa bei ile atamwitaje? Hatasema "bei yangu mbaya". Atasema mvivu. Kwaio kauli tunayoirudia barazani kama utani ilikuwa lalamiko la mwajiri. Sisemi hakuna mvivu Tanga, mi mwenyewe mmojawapo na karatasi ile ya pweza ni ushahidi, nasema ukisikia tabia wamepewa watu wa wilaya nzima, au kabila zima, au wanawake wote, uliza nani alikuwa anatafuta vibarua.

Ila angalia usilewe na swali hilo, maana wasomi wengi wakishalijua wanaona kila neno ni njama. Kauli nyingine ni mgawanyo tu wa vitu, na hizo ndo zinaua kimya kimya. Mfano wangu hapa unatoka kwa jirani zetu Bagamoyo. Miaka ya 1990 watafiti wa malaria walifanya kazi wilaya ile na badala ya kuhubiri wakauliza kwanza watu wanaziita vipi homa. Wakakuta malaria watu wanaijua, homa ya mbu, dawa yake hospitali. Degedege nayo wanaijua, ila imewekwa kwenye kapu lingine kabisa, mambo ya shetani anayekuja kama ndege, na ya kwake ni kwa mganga kwanza. Kwa daktari mara nyingi degedege ile ni malaria iliyopanda. Sa fikiria miaka yote ya matangazo "jikinge na malaria", mzazi anasikia vizuri na anakubali kabisa, halafu mtoto anakakamaa usiku na lile tangazo halimhusu kwa sababu huu si ugonjwa ule. Hakukuwa na ujinga wala ubishi pale, ni mpaka tu umepita kati ya maneno mawili. Ni kama mvuvi na mchokoa pweza. (Na kwa herufi kubwa: MTOTO AKIPATA DEGEDEGE HOSPITALI HAPO HAPO, hilo halina baraza.)

Namna ya kuukuta mpaka kama huo ni kuacha kuuliza "je kuna" na kuanza kuuliza "hii mnaiitaje, na ile je, na zina tofauti gani". Mwambie akupangie vitu. Chukua samaki wa aina sita sokoni, au mawe, au majina ya pepo, mwombe mama akuwekee pamoja vinavyokaa pamoja halafu mwulize kwanini. Utakaa saa nzima, utajifunza kuliko dodoso mia. Na waulize wanawake wenyewe bila mwanaume kudandia jibu, kwa sababu mwamba wa karibu unaotoka maji wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) wanaujua wao, jiwe kwa jiwe, shimo gani lina pweza na lipi lilikuwa naye mwaka jana. Uduvi wanatanda wao. Wanaume wamepita juu ya huo mwamba na ngalawa miaka thelathini.

Sasa kauli za kazi. Hizi ni zile ambazo mwenyewe amezitumia na zikimdanganya anakosa mboga, kwaio anazikagua kila msimu bila kuita ukaguzi. Bamvua mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu, yale yanayojaa na kutoka kidogo, katikati. Kusi, upepo wa kusini, likianza nani anaruhusiwa kutoka na chombo cha aina gani. Nyingine zinatembea ndani ya msemo, kama huu: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Vijana wanausoma kama shairi. Ni kalenda. Kilimia ni lile kundi dogo la nyota na jina lenyewe lina kulima ndani yake, kuanzia mwezi wa tano mwanzoni hivi linapotea kwenye mwanga wa jua wiki kadhaa, linakuja kuonekana tena mwezi wa sita alfajiri upande wa mashariki. Kwetu likipotea masika bado inanyesha, likirudi anga imeshakauka na kusi linavuma. Hiyo ni nusu ya pili ya msemo na inakubali. Nusu ya kwanza? Hapo ndo kazi yako, nenda kamuulize mkulima wa Muheza, kisha muulize mvuvi wa Moa, andika tarehe, andika mvua ilianza lini kijijini hapo, fanya hivo miaka miwili mitatu. Mzee mmoja alinijibu kwa swali, "Wewe umeanza kutazama lini?" Nikanyamaza.

Usije tu ukaenda na lile pozi la kwamba elimu ya asili ni kitu safi kilichohifadhiwa kwenye chupa. Dawa ya kienyeji inayotajwa na kila mtu, mwarobaini, ni mti wa kutoka India. Muhogo wetu ulitoka Amerika. Nairuzi, ule mwaka wa kuhesabu miongo (siku kumi kumi) ambao mabaharia wa pwani yetu walipangia safari, jina lake la Kiajemi, na una siku 365 bila ile ya kuongeza kwaio unateleza siku moja kila miaka minne na wenyewe wanaijua hiyo. Watu wamepokea, wamejaribu, wametupa, wamebaki na kinachofanya kazi. Anayekwambia wazee hawakubadilisha kitu tangu zamani anawatukana huku anatabasamu.

Kuna kosa lingine ambalo mi lilinichukua muda kuliona, nalo ni kudhani wazee wana mifano na sisi wenye vitabu ndo tuna nadharia. Panda Usambara. Wasambaa wana maneno mawili, kuzifya shi ni kuiponya nchi na kubana shi ni kuiharibu. Kwa wazee wa huko mvua na njaa haviji tu, enzi za wafalme wa Vuga, makao ya ufalme wao, mwenye nguvu akiwa mmoja na hana mpinzani nchi inapona, mvua inakuja, wakianza kushindana wawili wenye nguvu sawa nchi inaharibika na watu wanakufa njaa. Unaweza ukasema hayo ni mambo ya uganga wa mvua, haya sawa. Lakini soma tena polepole: wanasema njaa ina sababu za kisiasa. Kuna wachumi wamesifiwa dunia nzima kwa kusema kitu kinachokaribiana na hicho. Mmarekani Steven Feierman, aliyekuja kuishi na kuuliza huko tangu miaka ya 1960, alitoa kitabu mwaka 1990 kinachowaita wakulima hao wasomi, na Gramsci yule yule wa jela yumo humo ndani. Anaeleza jinsi serikali ya Mwingereza miaka ya 1940 na 1950 ilivyolazimisha watu kulima matuta kwenye milima kuzuia mmomonyoko, faini juu yake, na watu wakakataa mpaka mpango ukafa kabla ya uhuru. Ofisini mtu angeona ni wakaidi wasiojua udongo. Wenyewe walikuwa na hesabu zao, jembe la ziada lile linamwangukia nani (mwanamke), na shamba likishatengenezwa na serikali ni la nani. Na serikali inayowachosha watu ina neno lake tayari kwa Kisambaa. Kwaio ukimaliza kuuliza "unafanyaje", uliza pia "kwanini mambo yako hivi", halafu nyamaza muda mrefu kuliko unavyopenda.

Chunga na neno kugundua. Silikanti, yule samaki wa kale, vitabu vinasema aligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1938, wa pili akapatikana Komoro 1952, na wavuvi wa Komoro walikuwa na jina lake siku zote, gombessa. Kwetu ameanza kuandikwa miaka ya 2000 mwanzoni alipoingia kwenye majarife (nyavu kubwa) ya kina kirefu na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Sayansi ilileta kitu wavuvi hawakuwa nacho, kwamba ndugu wa karibu wa samaki huyu walidhaniwa wamekwisha mamilioni ya miaka nyuma, hilo huwezi kulijua kwa kumtoa nyavuni. Na wavuvi walikuwa na kitu sayansi haikuwa nacho, yaani samaki mwenyewe. Ukiandika, andika vyote viwili kwenye sentensi moja.

Mwisho wa kazi rudi ulikotoka. Hili ndo watu wanaliruka, wakishapata cheti hao. Linda Tuhiwai Smith, mama wa Kimaori kule New Zealand, ameandika kwamba kwa watu wa asili neno utafiti limechafuka kabisa, na ukikaa Tanga utaelewa bila kwenda New Zealand, utaambiwa walikuja wakauliza wakapiga picha hatujawaona tena. Waja leo waondoka leo. Imewezekana kufanya vizuri zaidi, miaka ya 1970 Bagamoyo magharibi kulikuwa na mradi wa Tanzania na Finland uliitwa Jipemoyo, mama Marja-Liisa Swantz akiwa kati ya viongozi wake, wanakijiji na watafiti wakichunguza matatizo pamoja badala ya mmoja kumchunguza mwenzake. Sio lazima uwe na mradi. Mi huwa narudi na daftari, nasoma kwa sauti nilichoandika, kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya yule yule aliyesema. Mara nyingi nasikia "mi sikusema hivo", na hapo ndo mazungumzo ya kweli yanaanza. Kama kuna dawa au mahali pa siri ulipoambiwa muulize kama iandikwe, akisema hapana chana karatasi mbele yake.

Yule mama wa pweza nilimrudia baada ya mwaka. Nikamwambia naomba uniambie tena, kwenu kuna mtu anaijua bahari? Akasema njoo Jumamosi, bamvua, maji yanatoka sana saa nne, uje umeshakula. Kwaio kama na wewe unaenda: hesabu siku za mwezi kabla ya kupanga safari, vaa raba usivae ndala maana kuna miiba, beba maji ya kunywa, tembea nyuma yake sio mbele, na akisimama usimuulize kitu mpaka atoe kijiti shimoni.